Mdudu wa Bi Honorata

Kibiti, 12 Januari 2025

Mpwa wangu Mwantumu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana mtu mwenye majukumu kama yangu hawezi kukaa anangoja shikamoo ipande basi kutoka Dar. Anayekuandikia siye tena yule Sadala wa kukata mikoko na kulinda mpunga. Huyu ni Sadala macho ya vipofu wote, kuanzia Nyamisati mpaka mto Ruvuma. Siku nikishikwa na mafua, ujue nusu ya Tanzania imefungiwa dirisha.

Mama yako Mwajabu hajambo. Dada yangu huyo ni goti tu linalomsumbua, nalo humzidia akiona vyombo havijaoshwa. Mkaza mjomba wako Subira yuko Mbuchi na mpunga wetu. Mpunga umesimama vizuri. Wale wanyama waharibifu hawajathubutu kusogea tangu msimu uliopita, nilipolifukuza kundi zima kwa kukohoa. Nilikohoa mara moja tu, wakavuka mto. Muulize mtu yeyote wa Mbuchi, ila Subira usimuulize. Mke wangu siku ile alikuwa na shughuli nyingi, hakuona vizuri.

Utasema kwa nini barua na si simu. Simu iliniponyoka nikiwa mtumbwini, mamba akaimeza. Wiki nzima watu walikuwa wakisikia mto unaita kwa mlio wangu wa kaswida, mpaka chaji ikaisha tumboni mwake.

Sasa kazi. Mashine yenu ya kuskani nimeielewa kuliko walioitengeneza. Unajua mimi niliishia darasa la sita, la saba nilijisomesha mwenyewe kwa kuchungulia. Kile kitabu cha kilimo cha mpunga mlichotaka ninyi wa Maktaba ya Masikio, ili kisomwe kwa sauti, nimekimaliza kabla mashine haijapata joto. Tena sikukiskani hivihivi kama mtu wa kibarua, nimekiboresha. Mwandishi ana elimu yake, lakini Mbuchi hajakanyaga, hilo linaonekana wazi. Alipokosea nimemsahihisha. Upo ukurasa mmoja ulioliwa na mchwa, nao nimeuandika upya kutoka kichwani mwangu, na sioni haya kusema ndio ukurasa mtamu kuliko yote.

Waambie wakubwa zako wasihangaike kuja kunishukuru. Wakituma barua yatosha.

Mjomba wako,
Sadala bin Twalha,
Msimamizi Mkuu wa Mashine, Kibiti na Delta Yote


Dar es Salaam, 4 Februari 2025

Mjomba shikamoo,

Sisi wazima. Watoto wanakusalimu, wanataka kujua kama ni kweli utaletwa kwenye televisheni. Nimewaambia tungoje kwanza.

Yule mamba alinipigia juzi kwa namba yako. Sauti yake kama ya mkaza mjomba Subira. Kasema simu kaizuia yeye, na hataitapika mpaka uende Mbuchi ukamsaidie kulinda mpunga. Basi tuendelee na barua.

Kitabu cha mpunga kimerudi. Sisemi kimekataliwa, nasema kimerudi. Karibu kila ukurasa una kidole gumba chako pembeni. Mashine imekisoma kidole ikadhani ni herufi, ikakiweka katikati ya sentensi, sasa msikilizaji anasikia, "Chagua mbegu, oo, zilizo safi," kama yuko kwenye taarabu. Halafu kila palipo na "mama" pamekuwa "marna". Mashine haina akili, mjomba. Inaona m, inadhani ni r na n zimekumbatiana. Ndiyo maana tukakuomba ulinganishe na kitabu, neno kwa neno.

Kwenye picha ya mwanamke anayepanda umeandika: "Mwanamke anapanda mpunga. Kainama vibaya, kiuno kitamuuma. Miche yenyewe dhaifu, si ya kwetu." Kiwango kinasema andika kinachoonekana. Maoni kaa nayo.

Na ukurasa wa mchwa. Ukurasa usiokuwepo unaandikwa "ukurasa haupo", basi. Wewe umeweka habari za Sadala kufukuza wanyama kwa kukohoa. Yuko msikilizaji Mkuranga amepiga simu kuuliza akohoe kwa nguvu kiasi gani.

Usicheke. Mimi nilicheka, kisha nikaacha. Mwenye macho akikuta kosa kitabuni atatazama picha, atapindua ukurasa wa nyuma, ataona mwenyewe kwamba hapa pana uongo. Asiyeona ana ile sauti moja tu sikioni. Ikimdanganya, atajuaje? Usiongeze, usipunguze, usibadilishe. Na tafadhali sema "wasioona", hilo neno lako jingine limezeeka.

Ninakutumia kitabu cha pili, cha ufugaji wa nguruwe. Kimeombwa na Bi Honorata, yuko hapohapo Kibiti, nyumba za pembeni zenye mikorosho. Ni mtu wa Songea. Alikuwa nesi, macho yakamwishia kazini, sasa anafuga. Nakala ni hiyo moja tu, kitunze. Ofisini nimeandika kwa mkono wangu kwamba wewe ni mtu wa kuaminika.

Mpwa wako,
Mwantumu


Kibiti, 21 Machi 2025

Mpwa wangu,

Ramadhani Karimu. Funga imenikaa vizuri mwaka huu, nimekonda mpaka kivuli changu kinanitangulia nyumbani. Mama yako anapika futari ya kuwatosha watu wa meli, goti kalisahau.

Kile kitabu cha mnyama yule kilifika. Jalada lina picha yake, kubwa, tena ya rangi. Hukuniambia litakuwa na picha. Nimekifunga kwenye gazeti, gazeti nikalitia mfuko, mfuko nikauweka mbali na mahali ninapokaa.

Lakini kazi ni kazi. Safari hii hutakiona kidole, kurasa nimezikandamiza kwa rula. "Marna" hutaisikia hata moja, nimewawinda wote. Picha nimezieleza kama ulivyotaka, kinachoonekana tu. Mashine nayo nilikuwa naiacha inisomee kwa sauti huku mimi nafuata kitabuni, ndivyo tunavyofanya sisi mafundi. Kero ilikuwa vijana wa bodaboda wenye kijiwe chini ya dirisha langu. Mashine ikisoma, wao wanaitikia. Nimewanyamazisha kwa njia ya kisayansi.

Maana nimegundua kitufe, Mwantumu, sijui kama ninyi huko Dar mnacho. Unaandika neno usilolitaka, unaandika unalolitaka, unabonyeza. Kitabu kizima kinabadilika kufumba na kufumbua, kama pumba zikipeperuka kwenye ungo. Nimekitumia kidogo tu, kwa ajili ya usafi. Hutaona tofauti.

Zile picha za kurasa zilikuwa zinajaza mashine bure, nimezifuta.

Faili ndilo hilo. Mpe Bi Honorata, mwambie Sadala anamsalimu kwa mbali.

Mjomba wako,
Sadala bin Twalha,
Mtaalamu


Dar es Salaam, 29 Aprili 2025

Mjomba shikamoo,

Sikukuu ilipita salama, ila mdogo wa mwisho alikula halua mpaka tukampeleka zahanati. Sasa mzima, anaulizia halua.

Kosa la kwanza ni langu, niliseme. Faili lako lilipokuja nilisoma kurasa tatu za mwanzo, zile za dibaji na shukrani. Nikaona safi, hakuna kidole, hakuna marna, nikafurahi, nikapitisha. Nilisema moyoni, mjomba kabadilika.

Juzi Bi Honorata kapiga simu. Kaanza kwa upole, kama mtu anayedhani amekosea yeye.

"Mwanangu," kasema, "kitabu kinaniambia nichague mdudu mwenye chuchu kumi na mbili. Nikasema sawa, labda ndivyo wanavyosema huku Pwani. Kisha kinaniambia, kabla mdudu hajazaa, nipulize dawa banda zima niue wadudu wote. Sasa mwanangu, nifuge au niue?"

Nikafungua faili nikiwa naye kwenye simu, tukasikiliza pamoja. "Mdudu akimng'ata mdudu sikioni, mtenge mdudu mara moja." Yupi, mjomba? Nani kamng'ata nani?

Usiniambie nikibonyeze kile kitufe chako kirudishe. Kitabu kilikuwa na wadudu wake halali, kupe na chawa na funza, na wewe umewaongezea wako. Sasa wote ni ukoo mmoja, nikibonyeza nitawageuza chawa kuwa nguruwe. Picha za kurasa umezifuta. Kilichobaki ni kitabu chenyewe, nacho unacho wewe.

Nikueleze kwa nini nakuandikia kwa haraka. Jike wake ana mimba, anatarajiwa kuzaa katikati ya Juni. Jike wa mwaka jana alizaa wakati Bi Honorata yuko peke yake. Mnyama akageuka akawalalia watoto. Kasema alikuwa amesimama palepale bandani, anawasikia wanalia chini ya mama yao, hajui ashike wapi. Ndiyo sababu akaomba kitabu, ajue ukurasa wa kuzaa kwa moyo kabla siku haijafika.

Ukurasa wa kuzaa, mjomba. Uskani huo kwanza, kesho, kama ulivyo.

Mwantumu


Kibiti, 18 Mei 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kunifikia, au mimi nilichelewa kuifungua, yote ni kudra. Mbuchi wameanza kuvuna. Mama yako kaenda kumsaidia Subira, goti limepona ghafla. Mimi nilitaka sana kwenda, lakini nchi inanitegemea.

Suala lako nimelitafakari. Mimi ni Muislamu, mtoto wa Muislamu, ofisi yangu iko ukuta kwa ukuta na chuo cha Kurani cha watoto. Ulitaka mashine iwe inapaza sauti jina lile asubuhi mpaka jioni, tena ndani ya Mwezi Mtukufu? Nililisitiri. Nimelipa jina la adabu. Hata wanaomla wenyewe, nenda kawasikilize kwenye mabanda yao, wanaagiza "mdudu". Kwa hiyo mimi sikubadilisha neno, nimelivisha nguo.

Halafu mnasema sifuati viwango. Umeisoma picha ya ukurasa wa kuzaa? Nimeandika: "Mdudu jike, mnene, amelala ubavu, masikio yameanguka. Anamtazama msomaji kama anamfahamu." Hakuna hata neno moja la maoni hapo. Ndivyo anavyotazama.

Kitabu kiko salama. Kimening'inia kwenye boriti ya stoo, ndani ya mfuko, juu kabisa. Kurudia kazi kwa sasa vigumu. Umeme hautabiriki, rula imevunjika, na nimealikwa kwenye shughuli mbili. Bi Honorata ni nesi, hao wanajua kuzalisha.

Mjomba wako,
Sadala


Dar es Salaam, 3 Juni 2025

Mjomba shikamoo,

Leo sina habari za watoto.

Nimemuuliza Sheikh Abdulrazaq wa msikitini kwetu. Nimemweleza yote. Kacheka, kisha kasema, "Mwambie mjomba wako neno haliliwi. Mnyama huyo katajwa ndani ya Msahafu wenyewe, na tunamsoma kwa tajwidi." Basi mlango huo nimeufunga.

Nikampigia mkaza mjomba Subira, nikamwambia umegoma kulisoma jina la nguruwe kwa ajili ya dini. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alisema neno moja tu, "Dungu." Nikamuuliza dungu gani, lile banda la juu ya nguzo la kulindia mpunga? Kasema, "Hilohilo. Muulize mwenye kikohozi." Sikuuliza zaidi. Wewe ni mjomba wangu, nitakungoja unieleze mwenyewe ukitaka.

Ofisini nimekwisha andika kwamba kosa la faili ni langu. Huenda mashine ikahamishiwa kwingine, hilo si lako kulihangaikia.

Faili jipya haliwezi kuwahi tena, hata ukianza leo. Lakini kitabu unacho, na nyumba ya Bi Honorata si mbali na hapo ulipo. Kishushe kutoka kwenye hiyo boriti, nenda kamsomee kwa mdomo wako. Usiongeze, usipunguze, usibadilishe.

Sikuombi kwa ukali. Nakuomba tu.

Mwantumu


Kibiti, 24 Juni 2025

Mpwa wangu Mwantumu,

Marahaba, na andikeni kwenye kumbukumbu zenu huko Dar kwamba ipo hospitali moja tu ya wazazi isiyopoteza mtoto, nayo ni ile anayosoma Sadala. Kumi na mmoja wamezaliwa. Kumi na mmoja wako hai, wanapiga kelele mpaka nyumba ya tatu. Mama yako karudi toka Mbuchi, kawasikia akadhani ni harusi.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Lile la dungu Subira kalikuza. Ni kweli msimu uliopita nilipanda dunguni nikakaa huko kwa muda, kwa sababu za kimkakati, na ni kweli ngazi ilianguka, na ni kweli yule jike wa porini na wanawe walilala kivulini chini yangu. Lakini kwamba Subira alikuja kuwatimua kwa kupiga sufuria, hiyo ni namna yake ya kusimulia. Alipiga mfuniko. Vijana wa bodaboda habari wanayo, hizi boti za Nyamisati hubeba uvumi kuliko samaki na kamba. Kwa hiyo mashine ilipokuwa ikisema "nguruwe" wao chini ya dirisha wanaitikia kwa pamoja, "Dunguni!" Upo ukurasa mmoja, Mwantumu, unalo jina hilo mara kumi na tisa. Ungekuwa wewe?

Basi. Nilikishusha kitabu nikaenda, asubuhi. Bi Honorata alikuwa kibarazani, kidevu juu, anasikiliza huko bandani.

"Karibu. Wewe ndiye wa mdudu?"

"Ndiye mimi, dada."

"Na leo anaitwaje?"

Nikakohoa. Nikasema, "Nguruwe." Wala mbingu hazikuanguka.

"Sema tena, kwa sauti. Yule bandani amezoea kuitwa."

Nilikwenda siku hiyo, nikaenda na siku zilizofuata, nikamsomea kitabu chote kuanzia jalada. Wapi wadudu, nilisema wadudu. Wapi nguruwe, nilisema nguruwe. Ulimi uliniwasha, nakuapia. Pale mwandishi aliposema mnyama huyu ni mpole asipochokozwa, nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikameza mate nikapita. Palipotobolewa na mchwa wa boriti nilisema, "Hapa pametoboka, maneno hayapo." Bi Honorata akatabasamu, kasema, "Afadhali. Nikijua kwamba sijui, nitauliza."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilikuta jike keshaanza kusomba nyasi kwa mdomo. Bi Honorata akafunga kanga kiunoni, akafungua mlango wa banda akaingia, akanambia, "Soma, Mzee Sadala. Pole pole, usikimbie." Nikasoma. Ubao uwekwe pembeni mwa ukuta, pabaki nafasi watoto wajifiche mama akigeuka. Akaugusa ubao, upo. Mtoto akitoka afutwe pua na mdomo kwa kitambaa. Akafuta. Awekwe kwenye chuchu. Akaweka. Yule mnyama aligeuka mara mbili, na mara zote mbili nilisoma mstari uleule kwa nguvu, mpaka majirani wakatoka, na Bi Honorata mkono wake ulikuwa umekwisha tangulia nyuma ya ubao, anawahesabu migongo.

Faili nimelianza upya. Picha za kurasa sijafuta hata moja. Sauti ya mashine nimeifungulia mpaka mwisho, na wale wa dirishani waitikie wakichoka waache. Kama ofisi wanaihamisha mashine, waambie wangoje nimalize kitabu hiki. Na ile karatasi uliyoandika kwamba kosa ni lako, karudie uiandike vizuri, jina langu lina herufi sita.

Hapo ndipo nilitaka kuishia. Nilikuwa nimekwisha piga sahihi. Lakini Bi Honorata kasema atakupigia simu, na huyu mama hasahau jambo, bora ulisikie kwangu.

Alipotoka mtoto wa mwisho, alijifuta mikono, akasimama, akawa anageuza uso huku na huku kama mtu anayetafuta simu inaitia wapi.

"Mzee Sadala," kasema, "umesoma vizuri, Mungu akubariki. Lakini jambo moja linanishangaza. Tangu nilipofungua mlango wa banda, mbona sauti yako inatoka juu?"

Usiongeze, usipunguze. Nilikuwa juu ya mkorosho.

Mjomba wako,
Sadala